Ukarani wa muda kupitia wakala mjini Unguja: wanajua kukupatia kazi, hawajui kukusimamia

Tathmini hii inahusu wakala wa ajira wa hapa mjini Unguja, ambaye kazi yake ni kuzipatia afisi na kampuni makarani, makatibu muhtasi, wapokezi wa wageni na wasaidizi wa hesabu kwa muda mfupi, kuanzia siku chache hadi miezi sita. Nimefanya kazi chini yake kwa zaidi ya mwaka, na katika kipindi hicho nimepelekwa kwa wakala wa meli, kwenye skuli binafsi, hotelini na katika jumuiya moja isiyo ya kiserikali. Jina lake silitaji, wala sizitaji afisi hizo, kwa sababu nia yangu ni kuwaeleza vijana waliomaliza masomo na wanaozunguka na bahasha za vyeti namna huduma ya aina hii inavyokwenda, na mahali ambapo mtu anatakiwa afungue macho. Wakala huyu ni hodari wa kutafuta kazi na kumfikisha mtu mlangoni, lakini akishamfikisha humwachia mwenyewe, na udhaifu huo huonekana zaidi inapofika siku ya malipo.

Usajili ni sehemu ninayoisifu bila ya kusita. Unatakiwa uchukue kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, vyeti vya skuli na vya chuo, barua ya sheha wa shehia unayoishi, na majina ya wadhamini wawili wasio ndugu zako. Baada ya hapo unafanyiwa mtihani wa kweli, si wa kupita tu. Nilitakiwa nichape barua niliyosomewa kwa mdomo, nipange orodha ya malipo kwenye Excel, kisha niitafsiri barua fupi ya Kiingereza kwa Kiswahili cha kiofisi. Aliyesahihisha alikuwa bibi mmoja aliyestaafu ukatibu muhtasi serikalini, na alisahihisha kwa kalamu nyekundu mbele yangu: kumbukumbu namba inakaa wapi, tarehe inakaa wapi, kichwa cha barua kinaanzaje baada ya "Yah:", ni nani anayeweza kutia saini kwa niaba ya mkuu wa afisi, na nakala zinaorodheshwa kwa utaratibu gani. Mimi nilikuwa na stashahada, na bado nilitoka pale nimejifunza mambo ambayo chuoni hatukuyagusa. Nusu saa ile peke yake ilikuwa na thamani ya warsha nzima.

Jambo la pili la kusifiwa ni kwamba wakala huyu hamtozi mwombaji hata senti moja, si ya fomu, si ya usajili, wala si ya "kufuatilia". Nalisisitiza hili kwa sababu wako watu mjini wanaojiita mawakala ambao pesa ya fomu ndiyo biashara yao yote, na ukishalipa simu yako haipokelewi tena. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1997 na unaohusu mawakala binafsi wa ajira, unaeleza katika kifungu chake cha 7 kwamba mfanyakazi hatakiwi kutozwa ada au gharama, iwe moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka. Wakala anapaswa kula kwa mwajiri anayehitaji mtu, na huyu wa kwetu katika hilo ananyooka. Mtu akikuomba pesa ili akuandikishe, chukua vyeti vyako uondoke.

Kazi zenyewe huja kwa msimu, na anayejiandikisha lazima alielewe hilo mapema ili asikae mwezi mzima akiitazama simu. Hoteli na kampuni za watalii huhitaji watu kuanzia Juni hadi Oktoba, na tena kuelekea mwisho wa mwaka. Masika yakiingia, baina ya Machi na Mei, hoteli nyengine za mwambao hufunga kabisa na maombi hukauka. Kwa upande wa mjini, jumuiya na taasisi zinazofunga hesabu zao mwezi wa Juni, kabla ya mwaka mpya wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai, huhitaji wasaidizi wa kupanga vocha na majalada kabla mkaguzi hajafika. Kazi zisizojali msimu ni zile za kumshikia nafasi mama aliyekwenda likizo ya uzazi, na hizo ndizo bora kuliko zote, kwa sababu meza ipo, majukumu yanajulikana, na mwenyewe mara nyingi amekwisha kukuandikia maelezo kabla hajaondoka. Wengi wa niliokutana nao kwenye benchi la wakala walikuwa wameionja kazi ya muda kwa mara ya kwanza kama makarani wa Sensa ya mwaka 2022. Wale waliozoea utaratibu ule, wenye mafunzo kwanza, kifaa mkononi na mipaka ya kazi iliyoandikwa, ndio walioshtuka zaidi walipokutana na kazi za afisini zisizokuwa na mipaka yoyote.

Kuna kituo kimoja nilichopelekwa ambacho nitakikumbuka kwa heri. Kilikuwa ni masjala, yaani mahali pa kupokelea na kutunzia barua na majalada, chumba chembamba chenye makabati ya chuma, na aliyekuwa akikiendesha alikuwa mzee tuliyemwita Maalim. Barua ikifika, kitu cha kwanza ni kugongwa muhuri wa tarehe ya kupokelewa. Kisha inaandikwa kwenye daftari la barua zinazoingia, kwa safu zake: tarehe iliyofika, tarehe ya barua yenyewe, kumbukumbu namba, imetoka kwa nani, inahusu nini, na inaingia jalada gani. Ndani ya jalada inapewa namba ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, pembeni juu kulia, na jalada likitoka masjala lazima kiandikwe kikaratasi kinachoonyesha limekwenda kwa nani. Maalim hakuniruhusu kugusa jalada hata moja mpaka nilipoweza kumweleza barua iliyo mkononi mwangu inakwenda wapi na kwa nini. Tulipoanza kulipanga rundo la barua zilizokusanyika tangu karani aliyetangulia aondoke, tulikuta ndani yake barua ya kodi iliyokuwa ikisubiri jibu, na muda wa kujibu ulikuwa umebakia kidogo sana. Siku ile afisi nzima iliijua masjala ipo. Kwa mtu anayeanza, kazi ya muda ina faida hii ambayo kazi ya kudumu haina: katika mwaka mmoja unaingia ndani ya afisi za namna nyingi, na unaona kwa macho yako kwa nini moja inakwenda na nyengine inazama.

Sasa yaliyonikera. Barua ya wakala ya kunipeleka kwenye afisi moja ilisema kwamba nitakuwa mpokezi wa wageni. Nilipofika nilikuta hakuna aliyejua kuwa ninakuja isipokuwa mkuu mwenyewe, ambaye alikuwa safarini. Meza ya mapokezi ilikuwa na mtu wake. Mimi nikapewa kiti karibu na printa, na kazi zangu zikawa kupika chai, kwenda kununua vocha za simu, kutoa kopi, na siku mbili tatu kwenda kumchukua mtoto wa bosi chuo cha Qurani. Hakuna kazi ya halali inayomvunjia mtu heshima, na chai nimeipika nyumbani tangu utotoni. Lakini anayepelekwa kama karani, akaandikwa kama karani na akatozwa kwa mteja kama karani, ana haki ya kufanya ukarani, kwa sababu ndio utakaoandikwa kwenye wasifu wake kesho. Nilimpigia simu msimamizi wa wakala. Alinisikiliza kwa upole, kisha akaniambia, "Mwanangu, vumilia kidogo, usiwavunje moyo, huyu ni mteja wetu mkubwa." Nikamjibu, "Sawa, Bi Mkubwa, lakini barua yenu wenyewe inasema mapokezi." Aliahidi kuja kuonana nao. Hakuja, na hajapata kuja kwenye kituo chochote nilichopangiwa, si siku ya kwanza wala siku ya mwisho.

Hapo ndipo penye kasoro kubwa ya huduma hii. Wakala anaposema "tutakusimamia", maana yake iwe ni mtu kuja, kukutambulisha, kukuonyesha unaripoti kwa nani, na kurudi baada ya wiki kuuliza mambo yanakwendaje. Bila ya hilo unakuwa "yule wa wakala", jina ambalo nimeitwa kwenye afisi zaidi ya moja na watu ambao hawakuwahi kuniuliza jina langu. Kwenye mikutano huitwi, hata kama wewe ndiye uliyechapa ajenda. Likiandaliwa futari la pamoja Ramadhani, orodha inapita meza zote na yako inarukwa, si kwa ubaya bali kwa sababu hakuna mwenye uhakika kama wewe ni wa pale. Yapo pia mambo ya hatari kuliko hayo. Katika afisi moja nilipewa kazi ya kutoa risiti za kielektroniki, zile zinazounganishwa na mfumo wa Mamlaka ya Mapato Zanzibar, kwa kutumia neno la siri la mwenzangu, kwa kuwa "wa muda hafunguliwi akaunti". Kila risiti niliyoitoa ilikuwa kwa jina la mtu mwengine, pamoja na ile asilimia 15 ya kodi ya ongezeko la thamani inayotakiwa kufika serikalini. Siku hesabu ikipishana, atakayeulizwa kwanza ni mwenye jina, na atakayesingiziwa ni aliyekwisha kuondoka. Nilikataa kuendelea mpaka nilipofunguliwa akaunti yangu, na mhasibu wa pale, dada mwelewa, aliniunga mkono. Wakala alipaswa kuliweka hilo katika makubaliano yake na mteja tangu mwanzo, asimwachie mgeni wa siku ya tatu alipiganie.

Nije kwenye malipo, ambayo ndiyo yaliyonifanya niandike. Utaratibu ni kwamba mteja hakulipi wewe. Mteja anamlipa wakala kwa ankara, na wakala anakulipa wewe baada ya kukata chake. Kiasi anachotoza hukiambiwi, na hilo mimi sina ugomvi nalo, maana kila biashara ina siri zake. Tatizo ni kwamba mshahara wako umefungwa kwenye karatasi ya mahudhurio ambayo lazima isainiwe na mkuu wa afisi uliyopelekwa kila wiki. Siku iliyopangwa ni Ijumaa, na kila anayeijua Zanzibar anajua kwamba ikikaribia sala ya Ijumaa wakuu wengi wamekwisha kutoka, na wachache hurudi. Ukikosa saini asubuhi, umeikosa wiki. Mkuu akiwa Dodoma au Pemba kwa kazi, karatasi inakaa, ankara haitoki, na wakala anakwambia kwa utulivu kabisa kwamba "mteja bado hajathibitisha". Kuna mwezi ambao nilifanya kazi kila siku iliyopangwa, na malipo yake yakaja mwezi uliofuata ukiwa umekwisha kukatika nusu, wakati nauli ya daladala ya kwenda na kurudi nilikuwa nikiitoa mfukoni. Ikiwa wakala ndiye aliyenipa mkataba, basi wakala ndiye mwajiri wangu, na kuchelewa kwa mteja wake ni deni lililopo baina yao wawili. Mwenye duka la jumla hamwambii mpagazi asubiri ujira mpaka wauzaji wa rejareja wamalize kuuza.

Lipo na suala la makato, na hapa namwomba msomaji asome taratibu. Hati yangu ya kwanza ya malipo ilionyesha kato moja tu: asilimia 5, iliyoandikwa kuwa kodi ya zuio kwa huduma. Mchango wa Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) haukuwepo kabisa. Maana yake ni kwamba wakala alikuwa ananihesabu kama mtaalamu wa kujitegemea aliyeuza huduma, na si kama mwajiriwa. Tofauti si ndogo. Kodi ya mshahara huanza kukatwa baada ya kiwango cha chini kilichosamehewa, kisha hupanda kwa ngazi, lakini kodi ya zuio huanza kwenye shilingi ya kwanza, kwa hiyo mwenye kulipwa 400,000 anaondokewa na 20,000 moja kwa moja. Na pasipo mchango wa ZSSF, miezi yote unayofanya kazi ni kama hukufanya, ukija kuhesabiwa mafao. Mfuko huo ulianzishwa kwa Sheria Namba 2 ya mwaka 1998, na mwajiri huchangia sehemu iliyo kubwa kuliko ya mfanyakazi, kwa hiyo anayekuepusha na makato hayo hakufanyii hisani, bali anabakia na fungu lake ambalo lilikuwa liwe lako. Mtu anayeripoti saa mbili asubuhi, anayekaa meza aliyopangiwa na kuomba ruhusa akitaka kutoka, hawezi kuitwa mkandarasi. Tulikwenda watatu kwa mhasibu wa wakala tukiwa na hati zetu mkononi. Nakiri kwamba alitupokea kwa adabu, na baada ya mvutano mikataba yetu ilibadilishwa na michango ikaanza kuingia. Ya miezi ya nyuma bado tunaidai. Kama haitalipwa tutaipeleka kwenye kitengo cha usuluhishi wa migogoro ya kazi, ambacho kipo kwa mujibu wa Sheria ya Mahusiano Kazini ya mwaka 2005, na ambacho vijana wengi wa afisini wanadhani ni cha wafanyakazi wa viwandani na bandarini tu.

Biashara hii si mpya duniani, na zipo nchi zilizokwisha kuyapitia haya. Nchini Marekani kampuni ya Kelly ilianza Detroit mwaka 1946 na Manpower ikaanza Milwaukee mwaka 1948, zote zikikodisha makarani na wachapaji kwa afisi zilizoelemewa na kazi. Uingereza ina kanuni, zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2011, zinazosema kwamba mfanyakazi wa wakala akishatimiza wiki 12 katika kazi hiyo hiyo kwa mwajiri huyo huyo, alipwe na apangiwe saa na likizo sawa na yule ambaye angeajiriwa moja kwa moja. Nilimtajia msimamizi wetu utaratibu huo, akasema wateja wa hapa hawatakubali. Inawezekana. Lakini nilikaa miezi minne kwenye meza moja, nikifanya kazi ile ile ya mwajiriwa wa kudumu aliyekuwa akikaa mbele yangu, na nilikuwa nikiiona hati ya malipo yake kwa kuwa ndiye mimi niliyekuwa nikizipanga. Hakuna anayeweza kunieleza ni kitu gani alichokuwa akikifanya yeye ambacho mimi sikukifanya.

Kwa Pemba nitasema machache. Wakala anajitangaza kuwa anahudumia visiwa vyote viwili, ila afisi Chake Chake hana. Ombi likitoka kule anatafuta mtu Unguja, ambaye atajilipia boti na kujitafutia pa kulala. Mwenzangu mmoja, mwenyeji wa Wete, alikubali kwa sababu ana kwao. Mwengine alirudi baada ya wiki mbili kwa kuwa mshahara wote uliishia kwenye chumba. Pemba kuna vijana waliosoma, na wengi wao wameshazoea ukarani wa msimu wa karafuu, wanajua mizani, daftari na malipo ya watu wengi kwa siku moja. Kuwaandikisha waliopo kule kungekuwa ni haki kwao na nafuu kwa mteja.

Kwa mwajiri anayetaka kukodi mtu, nasema watu atakaoletewa watakuwa wamepimwa sawasawa, lakini aandike mwenyewe majukumu kwa urefu, aseme nani atatia saini karatasi ya mahudhurio pale mkuu asipokuwepo, na afungue akaunti ya kompyuta kabla mtu hajafika. Kwa kijana anayetaka kujiandikisha, ninamshauri ajiandikishe, kwa masharti. Kabla ya kutia saini, mkataba uonyeshe kwa maandishi tarehe ya malipo isiyotegemea ankara ya mteja, namba yako ya uanachama wa ZSSF, na kazi utakayoifanya kwa maelezo yanayoeleweka. Baada ya miezi miwili nenda mwenyewe kwenye mfuko ukaombe taarifa ya michango yako, usiridhike na maneno ya mhasibu. Tunza nakala ya kila karatasi ya mahudhurio, hata kwa kuipiga picha kwa simu. Na katika kila kituo, siku ya mwisho, kabla ya kukabidhi kitambulisho cha mlangoni na funguo za kabati, omba barua ya utumishi kwa mkuu wa afisi uliyofanyia kazi, yenye jina lako kamili, tarehe za kuanza na kumaliza, na kazi ulizozifanya kwa hakika. Wakala wetu hutoa barua moja ya jumla inayosema umefanya kazi "kwa wateja mbalimbali", na kwenye usaili wa kazi ya kudumu niliofanya mwaka huu, barua iliyosomwa na kuulizwa ilikuwa ni ile aliyoniandikia Maalim wa masjala.